Damu Inasema Nini Kuhusu Mapafu? Mwongozo kwa Mgonjwa Kabla ya Kulipia Kipimo

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima huyatazama mawingu, akaamua ama kuanika mahindi yake ama kuyaingiza ndani. Hata hivyo hakuna mkulima anayeapa kwamba kila wingu litanyesha, wala hakuna anayeuza jembe lake kwa sababu ya wingu moja. Vipimo vya damu vinavyotumika kukadiria mwenendo wa ugonjwa sugu wa mapafu vinafanana na mawingu hayo: vina maana, lakini maana hiyo ina mipaka.

Tumeandaa somo hili kwa ajili ya mgonjwa na jamaa zake wanaoambiwa kwamba kuna kipimo cha damu kitakachoonyesha ugonjwa unakoelekea, na ambao hulazimika kuamua, mara nyingi wakiwa wamesimama mbele ya dirisha la malipo, kama wakilipie au la. Baada ya kulisoma, msomaji aweze kueleza kipimo cha damu kinaweza kutabiri nini, hakiwezi kutabiri nini, na ni maswali gani ayaulize kabla ya kutoa fedha zake.

1. Ugonjwa tunaouzungumzia

Ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao hospitalini hutajwa kwa herufi COPD. Mirija ya kupitisha hewa huvimba, hujaa makohozi na kuwa myembamba, na vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwishoni mwa mirija huharibika. Hewa huingia, lakini hutoka kwa shida. Mgonjwa hukohoa kwa miaka, hutoa makohozi, na hutweta akipanda kilima au akibeba ndoo ya maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5, ukashika nafasi ya nne kati ya visababishi vikubwa vya vifo duniani.

Huu si ugonjwa wa wavuta sigara peke yao. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Masindi nchini Uganda, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, uliwapima watu 588 na kuukuta kwa asilimia 16.2 kati yao. Wengi mno wa washiriki walikuwa wakiishi na moshi wa kuni majumbani. Vumbi la kazini na makovu yanayoachwa na kifua kikuu navyo huchangia.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: ugonjwa huu haugunduliwi kwa damu. Hugunduliwa kwa kipimo cha kupuliza, kiitwacho spirometri. Mgonjwa huvuta pumzi hadi mwisho, kisha hupuliza kwa nguvu zote ndani ya mashine. Ikiwa hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote aliyoitoa, hata baada ya kupewa dawa ya kutanua mirija, hapo ndipo husemwa kwamba njia zake za hewa zimeziba. Anayekuuzia kipimo cha damu kwa madai kwamba kitagundua ugonjwa huu pasipo wewe kupuliza anakuuzia kitu ambacho kipimo hicho hakiwezi kukifanya.

2. Kutabiri maana yake nini

Kiashiria cha damu ni kitu chochote kinachoweza kupimwa katika damu na kutoa habari juu ya hali ya mwili: aina ya chembe, protini, au kemikali. Kiashiria husemwa kwamba "kinatabiri" pale watafiti wanapowafuatilia watu wengi kwa miaka na kuona kwamba wale waliokuwa na kiwango fulani walizidiwa, walilazwa au walifariki kwa wingi zaidi kuliko wenzao.

Tuchukue mfano wa namba tulizozibuni kwa ajili ya kufundishia. Kati ya wagonjwa 100 wenye kiwango kidogo cha kiashiria fulani, 10 wanalazwa katika mwaka mmoja. Kati ya wagonjwa 100 wenye kiwango kikubwa, wanalazwa 20. Mwuzaji wa kipimo atasema, bila kudanganya, kwamba kiwango kikubwa kinaongeza hatari maradufu. Lakini wahesabu na wale wengine: kati ya 100 wenye kiwango kikubwa, 80 hawakulazwa. Na kati ya wale wenye kiwango kidogo, 10 walilazwa ingawa karatasi yao ya majibu ilikuwa nzuri. Kipimo kimesema kweli kuhusu kundi. Kuhusu mtu mmoja aliyeshika karatasi mkononi, kimesema kidogo tu.

Ndiyo maana tunamwonya msomaji asipokee namba ya maabara kama hukumu. Wapo wanaoacha dawa kwa kuamini kwamba yao yamekwisha, na wapo wanaoendelea kuvuta sigara kwa kuwa damu "ilionekana safi". Makosa yote mawili yanatokana na kulitazama wingu kana kwamba ni mvua.

3. Viashiria vinavyotajwa mara nyingi

(a) Eosinofili

Hizi ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Tunazitanguliza kwa sababu ndizo zenye manufaa zaidi kwa mgonjwa wa kawaida, na pia kwa sababu si lazima zidai malipo mapya. Huhesabiwa katika kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu, mradi mashine ya maabara iwe na uwezo wa kutenganisha aina tano za chembe nyeupe. Wagonjwa wengi tayari wana namba hiyo katika mafaili yao bila kujua.

Namba hii humsaidia daktari kuamua kuhusu dawa za kuvuta zenye steroidi. Dawa hizo huwapunguzia baadhi ya wagonjwa vipindi vya kuzidiwa, lakini huongeza hatari ya nimonia, kwa hiyo si za kila mtu. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa ujulikanao kwa jina la GOLD umependekeza daktari aitazame hesabu ya eosinofili pamoja na historia ya mgonjwa. Kwa mtu anayezidiwa mara kwa mara ingawa anatumia dawa za kutanua mirija, hesabu ya chembe 300 au zaidi kwa mikrolita moja ya damu ni hoja yenye nguvu ya kuongeza steroidi. Hesabu iliyo chini ya 100 huashiria kwamba manufaa yatakuwa madogo. Kati ya hapo, daktari hupima faida na hasara. Mwongozo huohuo unatahadharisha juu ya kuwapa dawa hizo watu wenye nimonia za kurudiarudia au waliowahi kuugua kifua kikuu, jambo lenye uzito mkubwa katika nchi zetu.

Katika kusoma karatasi ya majibu, tazama kipimio kilichotumika. Maabara nyingi huandika 0.30 × 10⁹/L. Hiyo ni sawa na chembe 300 kwa mikrolita. Asilimia peke yake haitoshi, kwa kuwa hubadilika kulingana na wingi wa chembe nyeupe nyingine.

Lipo pia jambo linalohusu mazingira yetu. Eosinofili huongezeka kwa sababu nyingi zisizohusiana na mapafu yaliyoziba: minyoo ya tumbo, kichocho, matende, na magonjwa ya mzio. Hupungua mtu anapotumia vidonge vya steroidi. Sehemu kubwa ya tafiti zilizozaa viwango vya 100 na 300 ilifanyika katika nchi ambako minyoo si tatizo la kila siku. Mgonjwa anayelima kwenye majaruba ya mpunga akakutwa na hesabu ya 600 huenda ana minyoo kuliko kuwa na mapafu yanayohitaji steroidi. Isitoshe, aina mojawapo ya minyoo inaweza kusambaa mwilini na kuhatarisha maisha mtu anapopewa vidonge vya steroidi. Mweleze daktari kama unaishi au unafanya kazi penye maji yaliyotuama, ni lini ulikunywa dawa ya minyoo mara ya mwisho, na kama umetumia steroidi karibuni. Mara nyingi busara ni kutibu minyoo kwanza, kisha kupima tena.

(b) Protini ya CRP

Ini hutengeneza protini hii pale mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi. Watafiti wa Copenhagen, nchini Denmark, waliwafuatilia watu 1,302 wenye njia za hewa zilizoziba. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba wenye CRP inayozidi miligramu 3 kwa lita walilazwa na kufariki kwa ugonjwa huu kwa wingi zaidi.

Hata hivyo CRP hupanda pia kwa malaria, jipu, jeraha, ugonjwa wa viungo, na hata kwa unene. Kumpima mgonjwa aliyetulia ili kujua mustakabali wake hakumpi daktari dawa mpya ya kumwandikia. Manufaa yake yaliyo wazi zaidi ni katika uamuzi wa papo hapo. Jaribio lililofanyika Uingereza na Wales, na kuchapishwa mwaka 2019, liliwahusisha wagonjwa 653 waliofika kwa daktari wakiwa wamezidiwa. Pale daktari alipopima CRP kwa tone la damu ya kidole, waliotumia viuavijasumu ndani ya wiki nne walikuwa asilimia 57.0, pale asipopima, walikuwa asilimia 77.4. Hali za wagonjwa hazikuwa mbaya zaidi kwa kupewa dawa kwa uangalifu. Kipimo kilekile, kwa hiyo, chaweza kuwa cha thamani siku moja na cha kupoteza fedha siku nyingine.

Hapa pia tazama kipimio. Miligramu 1 kwa desilita ni sawa na miligramu 10 kwa lita. Mtu anayelinganisha majibu ya maabara mbili bila kuangalia hilo anaweza kuogopa bure, au kutulia bure.

(c) Fibrinojeni

Hii ni protini inayosaidia damu kuganda, nayo huongezeka wakati wa uvimbe mwilini. Mwaka 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliikubali kuwa kiashiria katika ugonjwa huu. Tunaieleza habari hii kwa sababu ni rahisi kupotoshwa. Iliyokubaliwa ni kazi moja mahususi: kuwasaidia watafiti wa dawa mpya kuchagua washiriki walio na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzidiwa au kufariki, ili majaribio yatoe jibu kwa haraka zaidi. Haikukubaliwa kuwa kipimo cha kumwambia mgonjwa mmoja ataishi miaka mingapi, wala cha kumchagulia dawa. Mtu akikuambia kipimo "kimekubaliwa Marekani", swali lako liwe fupi: kimekubaliwa kwa kazi gani?

(d) Vipimo vingine

Kipimo cha protini iitwayo alfa-1 antitripsini kina nafasi ya pekee. Upungufu wake ni wa kurithi, na huyafanya mapafu yaharibike mapema. Ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Sweden mwaka 1963. Hupimwa mara moja tu maishani, na haukuonekana kwa wingi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Lakini daktari anaweza kuutafuta kwa mgonjwa kijana asiye na sababu nyingine. Vipimo vya wingi wa damu na vya mzigo wa moyo navyo humsaidia daktari anaposhuku kwamba kutweta kwa mgonjwa kuna chanzo zaidi ya kimoja. Hivyo ni vipimo vya kutafuta jambo linalotibika.

4. Mtabiri asiyelipiwa

Utafiti mkubwa uitwao ECLIPSE uliwafuatilia wagonjwa wa nchi 12 kwa miaka mitatu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliyotokana na wagonjwa 2,138, watafiti waliuliza ni kitu gani kinachotabiri vyema zaidi kwamba mgonjwa atazidiwa tena. Jibu halikuwa kipimo cha damu. Lilikuwa historia yake mwenyewe: aliyezidiwa mwaka uliopita ndiye aliyeelekea kuzidiwa mwaka uliofuata.

Mwaka 2012 watafiti wa mradi huohuo walipima uwezo wa kutabiri vifo, kwa kipimio ambacho 0.5 ni sawa na kurusha sarafu na 1 ni utabiri usiokosea kamwe. Kwa kutumia umri, historia ya kulazwa, na alama iitwayo BODE, ambayo hujumlisha uzito wa mwili, kiwango cha kuziba, ukali wa kutweta na umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea kwa dakika sita, walipata takriban 0.69. Walipoongeza kundi zima la viashiria vya damu, walifika takriban 0.73. Damu iliongeza kitu, na kwa mtafiti hilo ni jambo la maana. Kwa familia inayochangishana nauli, ni ongezeko dogo.

Kwa hiyo daftari la shilingi chache linaweza kumsaidia daktari kuliko kifurushi cha vipimo. Andika tarehe ya kila kipindi cha kuzidiwa, dawa ulizopewa, kama ulilazwa, na uzito wako wa kila mwezi. Usipunguze chochote kwa kuona aya. Mficha maradhi kifo humuumbua.

5. Mfano wa kujifunzia

Tumfikirie mama wa miaka 58 aliyepikia kuni tangu utotoni. Kipimo cha kupuliza kimeonyesha njia zake za hewa zimeziba. Mwaka huu amezidiwa mara tatu, na mara moja alilazwa. Anaambiwa na maabara moja kwamba kipo kifurushi cha vipimo vya damu "vya kujua hatima ya mapafu". Wanawe wanafikiria kuuza mbuzi.

Tunaanza na anachokijua tayari. Historia ya mwaka mmoja imekwisha kusema kwamba yumo hatarini. Kifurushi kitarudia habari hiyo kwa bei kubwa. Swali ambalo halijajibiwa ni kama aongezewe steroidi ya kuvuta. Hilo linahitaji hesabu ya eosinofili, na hesabu hiyo imo katika picha kamili ya damu aliyopimwa alipolazwa. Linahitaji pia ajibu kama aliwahi kuugua kifua kikuu na kama amekunywa dawa ya minyoo. Bei ya mbuzi ingemfaa zaidi kwa dawa yake ya kuvuta ya miezi ijayo, kwa nauli ya kliniki, na kwa jiko lisilo na moshi mwingi.

Hatusemi vipimo vya damu havifai. Tunasema kipimo kifuate swali, na swali liwe na jibu linaloweza kubadilisha matibabu.

6. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza: Majibu yakiwa makubwa mtafanya nini, na yakiwa madogo mtafanya nini? Ikiwa matibabu yatabaki yaleyale kwa vyovyote, una haki ya kukataa.

Pili: Je, namba hii haimo katika vipimo nilivyokwisha kufanyiwa? Omba nakala za majibu yako ya zamani.

Tatu: Nipimwe sasa, au nisubiri nipone malaria, mafua au jeraha nililo nalo?

Nne: Nani ameagiza kipimo hiki? Kipimo kilichoagizwa na daktari anayekutibu kina msimamizi. Kifurushi ulichojichagulia kwenye tangazo hakina.

Tano: Maabara hii imesajiliwa, na mashine na vitendanishi vyake vimesajiliwa? Cheti cha usajili hutakiwa kubandikwa mahali pa wazi.

Sita: Gharama yote ni kiasi gani, na bima yangu inalipa sehemu gani? Dai risiti.

7. Baada ya kupata majibu

Hakikisha karatasi ina jina lako, tarehe, kipimio cha kila namba, na jina la maabara. Ihifadhi pamoja na daftari lako. Usiache wala usianze dawa yoyote kwa sababu ya namba, hata kama umeelewa kila kilichoandikwa katika somo hili. Onyo hili linamhusu hasa mwenye pumu pamoja na COPD: huyo huhitaji steroidi ya kuvuta hata eosinofili zake zikiwa chache, na kuiacha kunaweza kumgharimu maisha.

Wala usisubiri majibu ya maabara ukiona midomo au kucha zinageuka rangi ya buluu au kijivu, ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida. Hayo ni ya kukimbizwa hospitali saa ileile.

Majibu yakiwa mazuri au mabaya, mambo yanayobadilisha mwenendo wa ugonjwa hubaki yaleyale: kuacha sigara, kupunguza moshi wa jikoni, kutumia dawa ya kuvuta kwa namna sahihi, kupata chanjo zinazoshauriwa, na kuutembeza mwili kila siku kwa kadiri ya pumzi.

8. Muhtasari

Ugonjwa hugunduliwa kwa kupuliza. Kiashiria cha damu hukadiria hatari ya kundi, hakisomi hatima ya mtu. Eosinofili zinaweza kuongoza uchaguzi wa dawa, lakini minyoo inaweza kuzipotosha. CRP inafaa zaidi siku ya kuzidiwa. Fibrinojeni ni chombo cha watafiti. Historia ya mgonjwa ndiyo inayotabiri vyema zaidi kama atazidiwa tena, nayo haina bei.

9. Maswali ya kujipima

(i) Jirani amepewa majibu yenye eosinofili 0.45 × 10⁹/L. Hizo ni chembe ngapi kwa mikrolita? Ni mambo gani mawili angepaswa kumweleza daktari kabla ya namba hiyo kutumiwa?

(ii) Tangazo linasema kipimo fulani "kinaongeza mara mbili uwezo wa kujua nani atalazwa". Ni namba gani nyingine ungeidai kabla ya kuamini?

(iii) Fungua faili lako au la mzazi wako. Ni mara ngapi amezidiwa katika miezi 12 iliyopita? Kama huwezi kujibu, anza daftari leo.